Umeme ukikatika, na siku ya kuhama: tangi la matumbawe linataka pumzi kwanza

Mkuu, swali lako lina vichwa viwili: mwezi ujao unahama na tangi la lita 200 lenye matumbawe, na huko unakokwenda umeambiwa umeme hukatika kwa saa nyingi. Waliotangulia wamekujibu habari za hita. Mimi naanzia kwingine, kwa sababu kuihangaikia hita ndiko kulikoniponza.

Mwaka wangu wa pili na matumbawe, umeme ulikatika saa mbili usiku, wakati wa baridi. Nikafanya kila nilichoona ni busara: nikafunga kifuniko, nikaziba mwanya wa nyuma kwa taulo, nikalizungushia tangi mablanketi mawili, nikaenda kulala. Alfajiri nikaja na tochi. Joto lilikuwa limeshuka nyuzi moja na nusu tu. Lakini kangaja, samaki wangu mkubwa kuliko wote, alikuwa amelala ubavu juu ya mchanga, na samaki wangu wawili wa anemoni walikuwa juu kabisa wakihema, midomo imegusa hewa. Kamba sikumwona tena. Joto nililitunza vizuri sana. Pumzi ndiyo niliyowanyima, tena kwa taulo langu mwenyewe.

Tangu hapo, kila ninapolishughulikia tangi lisilo na umeme najiuliza kwanza: nani humu anapumua, na hewa yake inapitia wapi?

Maji ya bahari yenye nyuzi 25, yakishiba oksijeni kabisa, hubeba karibu miligramu 7 tu kwa lita. Maji yasiyo na chumvi hubeba zaidi ya 8 kwa joto hilohilo, ndiyo maana aliyezoea samaki wa maji ya kawaida hushangaa mambo yanavyoharibika haraka upande huu. Akiba yenyewe ni ndogo, na walaji ni wengi. Mchana, mwani wadogo wanaoishi ndani ya miili ya matumbawe hutengeneza oksijeni. Giza likiingia nao wanaigeukia na kuila. Halafu kuna kundi ambalo hakuna anayelihesabu: bakteria waliojaa kwenye miamba na mchanga, wale wanaoigeuza amonia, sumu itokayo kwenye taka za samaki, kuwa naitraiti kisha naitreti. Nao wanapumua. Oksijeni ya nje huingia kwa kupitia uso wa maji tu, kwa hiyo pampu ikisimama, maji ya chini hayaonani tena na hewa. Samaki wakubwa hutangulia kufa kwa sababu mahitaji yao ni makubwa.

Umeme ukikatika sasa, nafanya hivi. Kifuniko kinatoka. Pampu ya hewa ya betri inawashwa, jiwe lake la kutoa viputo likiwa chini karibu na miamba. Chakula hakuna, hata kama kukatika kwenyewe kutachukua siku mbili. Samaki mzima havunjiki kwa siku mbili bila kula, lakini chakula kinachooza kinakula oksijeni uliyobakiza. Taa usizifikirie kabisa. Matumbawe huvumilia siku kadhaa za giza, kama yanavyovumilia mawingu na maji machafu huko baharini.

Huna pampu ya betri? Chukua jagi. Chota maji, yainue juu kiasi cha mkono mmoja, yamwage yarudi kwa kishindo. Fanya mara thelathini, pumzika nusu saa, rudia. Ni kazi ya kijinga na mgongo utalalamika, lakini inafanya kazi. Niliwahi kuvuka usiku mzima hivyo, tukipokezana na mdogo wangu, na hatukupoteza hata konokono.

Kuhusu betri kubwa, hapa ndipo watu wanapotupa hela. Wananunua inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, wanachomeka kila kitu pamoja na hita, kisha wanashangaa betri imekwisha kabla ya usiku wa manane. Piga hesabu. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na usipotaka kuiua mapema, tumia nusu tu, yaani 600. Hita ya wati 200 ikiwaka mfululizo inazimaliza kwa saa tatu. Pampu ya mawimbi ya wati 15 inazitumia kwa saa 40. Ukiondoa kinachopotelea ndani ya inveta, bado unavuka siku nzima na zaidi. Kwangu betri inalisha pampu moja ya mawimbi, nimeielekeza juu ili uso wa maji uchafuke, basi. Ukipata pampu inayotumia umeme wa betri (DC) wa volti 12, iunganishe na betri bila inveta kabisa. Pampu za umeme wa kawaida zikipewa inveta ya bei rahisi huvuma na kuchemka, nyingine hazizunguki kamwe. Ijaribu mchana, ukiwa umesimama hapo hapo.

Joto linakuja nafasi ya pili, na lina subira kuliko tunavyodhani. Kupandisha lita 200 kwa nyuzi moja kunataka kama wati-saa 230, na hesabu hiyohiyo inafanya kazi kinyumenyume: maji mengi yanapoa polepole. Zungushia blanketi pande zote nne, lakini juu acha wazi. Kama una jiko la gesi, jaza chupa za lita mbili maji ya moto, zifunge sawasawa, zielee kwenye tangi. Usitegemee muujiza. Chupa moja yenye maji ya nyuzi 60 itapandisha tangi lako kama theluthi moja ya nyuzi, kwa hiyo utazibadilisha mara nyingi. Wakati wa joto kali shida inageuka, na kwa maoni yangu hapo ni pabaya zaidi: maji yakipita nyuzi 30 matumbawe huanza kuwafukuza wale mwani wao na kupauka, na wakati huohuo maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo zaidi. Feni ndogo ya betri inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili tatu kwa mvuke peke yake. Ila mvuke ukitoka chumvi inabaki, kwa hiyo ongeza maji safi yasiyo na chumvi kufidia.

Umeme kurudi nako kuna mitego yake. Kama una chujio la kopo lililofungwa, lile la chini ya meza, na limesimama kwa saa kadhaa, usiliache lijiwashe lenyewe. Ndani yake bakteria wamemaliza oksijeni na kuanza kufa, na maji yaliyotuama humo ni sumu. Ukiliwasha yote yanaingia kwenye tangi kwa mkupuo. Lifungue, mwaga maji, suuza vilivyomo kwa maji ya chumvi, ndipo uwashe. Hita nayo ichomoe mpaka uhakikishe imezama, kwa sababu hita iliyowaka nje ya maji hupasuka. Na kama una sampu, yaani tangi la chini, fanya jaribio hili leo kabla hujafikiria kuhama: zima pampu kuu kwa makusudi uangalie. Maji ya juu yatajivuta yenyewe kurudi chini kupitia bomba la kupandishia mpaka mdomo wake ufikiwe na hewa. Sampu ikifurika, toboa tundu dogo kwenye bomba hilo, chini kidogo ya uso wa maji, na ulisafishe kila mwezi, maana konokono mmoja akilikalia zulia lako litaogelea. Valvu za kuzuia maji yasirudi nyuma siziamini, uchafu kidogo tu zinashindwa kufunga.

Sasa kuhama. Nimehama mara mbili na tangi. Mara ya kwanza nilivuna msiba, mara ya pili nilipoteza kipande kimoja tu cha Acropora, tumbawe gumu la matawi.

Ya kwanza niliacha mchanga ndani, kina cha sentimita kumi, nikaacha na maji kidogo juu yake ili "bakteria wasife", watu wanne tukalibeba. Kwanza hiyo ni hatari kwa kioo, maana mchanga na maji vina uzito mkubwa na gundi ya pembeni haikutengenezwa kupindishwa hivyo. Lakini kilichoniumiza ni kile kilichokuwa chini ya mchanga. Tabaka la chini la mchanga wa kina halina oksijeni, na humo hutengenezwa gesi yenye harufu ya yai bovu. Safarini mchanga wote ulichanganyika. Tulipojaza maji chumba kizima kilinuka, na kesho yake kipimo cha amonia kiligeuka kijani ambacho sikuwa nimekiona tangu tangi liwe jipya. Nusu ya matumbawe laini yalipona. Magumu hayakupona hata moja.

Kwa hiyo mchanga wa zamani utupe, au usuuze mpaka maji yatoke maangavu kabisa. Utasikia kwamba unatupa uhai wa tangi. Sehemu kubwa ya bakteria unaowategemea wako kwenye miamba. Kwenye maji hawako wengi kiasi cha kukusumbua, ndiyo maana kubeba maji yote ya zamani hakuna maana sana. Beba nusu, nusu iwe mapya. Hayo mapya yachanganye siku moja kabla, gramu 35 za chumvi kwa lita, pampu ikiyazungusha, yafike joto lilelile na uzito wa 1.025 au 1.026 kwenye kipimo cha chumvi (maji yasiyo na chumvi ni 1). Usipime chumvi kwa kijiko siku ya safari huku dereva anapiga honi.

Mpangilio wa siku yenyewe: kabla hujagusa chochote, chota maji masafi ya juu uweke akiba, kwa sababu ukishasogeza mwamba wa kwanza kila kitu kitakuwa tope. Kisha toa matumbawe, kila jamii chombo chake, maana huchomana na mengine humwaga kemikali yakikasirika. Kisha miamba. Samaki wa mwisho. Ukijaribu kuwakamata miamba ikiwa bado ndani utakimbizana nao mpaka nao wachoke na wewe uchoke. Huko unakofika unakwenda kinyume: mchanga, miamba, maji, matumbawe, samaki.

Miamba isafiri imezama majini. Taulo bichi linatosha kwa dakika chache tu, kwa sababu sponji waliojificha kwenye matundu wakiingiwa na hewa ndani hufa, na kitu kinachooza ndani ya mwamba huwezi kukitoa. Mimi hutumia ndoo zenye vifuniko, na yale makasha mazito ya kuwekea barafu na vinywaji kwa ajili ya samaki na matumbawe, kwa vile hayaruhusu joto kupita. Ndani ya kila kasha kuna pampu ya hewa ya betri, hata ndoo ya miamba. Nilichekwa kwa hilo. Lakini ndoo iliyofungwa yenye kilo ishirini za mwamba hai ni kama lile chujio la kopo: bakteria wanamaliza oksijeni, na unafika na miamba iliyokwisha kufa nusu huku unaisifu kwa kubaki mibichi.

Jambo moja la kutishia, na nasema bila utani. Kama una Palythoa au jamaa zake, yale yanayofanana na vifungo vya shati, baadhi yana sumu kali iitwayo palitoksini. Vaa glavu na miwani, usiyakwaruze, usipulizie mwamba huo maji kwa nguvu, na kamwe usichemshe mwamba kwa lengo la kuusafisha. Mvuke wake umeshalaza familia nzima hospitali.

Samaki aliyesafiri saa nyingi kwenye mfuko uliofungwa asidondoshewe maji taratibu kwa saa zima kama ulivyofundishwa dukani. Ndani ya mfuko hewa ukaa imeshusha pH, yaani maji yameelekea kwenye uchachu, na kwa sababu hiyo amonia aliyoitoa haijawa kali. Ukifungua, hewa ukaa inatoka, pH inapanda, na amonia ileile inageuka sumu samaki akiwa bado yumo. Kama joto na chumvi vinalingana, muhamishe haraka, yale maji ya mfuko uyamwage.

Wiki ya kwanza pima amonia kila siku, lisha kidogo, weka kaboni kwenye sampu, na taa ziwe nusu ya nguvu zake kisha uzipandishe polepole. Mwani wa kahawia utakuja, uache upite. Usianze kuhamisha hamisha matumbawe kwa sababu tu yamejikunja; yangu mengine yalikaa siku tisa bila kufunguka.

Hujasema mchanga wako una kina gani wala kama unatumia sampu au chujio la kopo. Andika hapa, na kama safari ni ya saa ngapi, nikuhesabie makasha na betri.