Nimetajiwa bei tatu za kutibu fizi, nichague ipi?

SWALI: Shikamoo tabibu. Mimi ni mama wa miaka 46, mkulima, naishi Newala. Nikipiga mswaki fizi zinatoka damu, na asubuhi mdomo unanuka mpaka naona haya kuongea na watu. Meno manne ya mbele, ya chini, yanacheza. Nimezunguka kuuliza matibabu. Pa kwanza wamenitajia Sh 60,000 kusafisha kinywa chote. Pa pili nao wamesema Sh 60,000, ila kwa robo ya kinywa, maana yake 240,000 mpaka kumaliza, na nitachomwa ganzi. Pa tatu wameniambia ning'oe tu hayo manne, Sh 20,000 kila jino. Fizi zikivimba huwa nanunua metronidazo duka la dawa, zinapoa, kisha zinarudi. Mume wangu anasema maji ya chumvi yanatosha, hela ya korosho ina kazi nyingine. Nishike lipi?
Mkulima, Newala

JIBU: Marahaba dada. Zimekuchanganya kwa sababu umetajiwa bei za kazi tatu tofauti.

Ya kwanza ni kuondoa ugaga, ule mgumu wa njano au mweusi unaoganda kwenye meno, juu ya fizi na chini kidogo ya ukingo wake. Ya pili ni kushuka ndani ya mifuko iliyojichimba kati ya fizi na jino na kukwangua mizizi. Hiyo inauma, ndiyo maana ya ganzi, na ni kazi ya muda mrefu, ndiyo maana hugawanywa kwa robo na kufanywa kwa siku zaidi ya moja. Hata Marekani hutoza kwa robo, tena kwa mamia ya dola. Ya tatu haitibu fizi. Inaondoa jino, na ugonjwa unabaki kwa majirani zake.

Sasa nani aamue kama unahitaji ya kwanza au ya pili? Kipimo. Kuna kifimbo chembamba cha chuma chenye alama za milimita. Tabibu anakipitisha taratibu kuzunguka kila jino. Fizi yenye afya husoma milimita 1 mpaka 3. Kuanzia 4, tena ikiwa na damu, hapo pana ugonjwa. Katika barua yako sijaona popote ulipopimwa hivyo, na hilo limenikera. Mtu akikutajia 240,000 kabla hajapima, funga mkoba urudi nyumbani. Huenda robo mbili tu ndizo zenye mifuko ya kina na zilizobaki zinataka usafi wa kawaida, na hesabu yako ikashuka. Huenda pia zote nne ni mbovu, na hizo 60,000 za pa kwanza zingekupa meno meupe juu huku chini kukiendelea kuoza. Omba na picha ya eksirei ya hayo ya mbele. Itaonyesha mfupa uliobaki. Mfupa ulioliwa haurudi wenyewe. Tunachotibu ni ule uliobaki usiliwe.

Hayo manne usiyang'oe kwanza. Mirija ya mate chini ya ulimi hutokea karibu na nyuma ya meno hayohayo, kwa hiyo ugaga hupenda sana kuganda hapo. Uvimbe ukishuka, wiki chache baada ya kusafishwa, mengine hukaza. Nisikudanganye lakini: kuna meno ambayo ugaga ndio unaoyashikilia, na ukitoka utayaona yamelegea zaidi kwa muda, na mapengo madogo kati yake. Watu hutoka kliniki wakilalamika kwamba wameharibiwa meno, kumbe hawakuelezwa mapema. Jino linalozama ukilibonyeza kwa kidole ndilo ambalo mara nyingi halina tena pa kushika. Hilo ng'oa. Lakini unapoulizia bei ya kung'oa, uliza hapohapo na bei ya meno ya bandia, ndipo ulinganishe. Sh 80,000 ni rahisi siku ya kwanza tu.

Metronidazo achana nazo. Vidonge hupunguza vijidudu kwa muda, ila ugaga vinapoishi unabaki palepale, kwa hiyo vinarudi. Vidonge vina kazi yake, mathalani kuna jipu na homa, au fizi zinaoza na kuuma vikali, na hapo tabibu ndiye anayeandika. Jumlisha hela uliyokwisha kuacha duka la dawa uone ni robo ngapi za kinywa.

Mumeo ana nusu ya haki. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi hutuliza fizi zilizovimba. Hayang'oi ugaga, na hakuna kitu cha kusukutua kinachoung'oa, hata zile dawa za klorheksidini. Hizo husaidia wiki moja au mbili baada ya kusafishwa, ukizidisha zinapaka meno rangi ya kahawia.

Jambo ambalo hukuliandika: umepima sukari? Kisukari kisichodhibitiwa huharibu fizi haraka, na fizi mbovu nazo huifanya sukari iwe ngumu kushuka. Katika umri wako, na meno manne yanacheza, mimi nisingekugusa kabla ya kipimo hicho.

Kwa hiyo usingoje minada ya korosho ya Oktoba. Kulipia uchunguzi, kupimwa mifuko na picha mara nyingi ni hela ndogo kuliko matibabu uliyotajiwa. Nenda hospitali ya wilaya hapohapo Newala, au Ndanda, au Ligula ukiwa na safari ya Mtwara mjini. Kama una kadi ya bima, uliza dirishani kabla ya kukaa kwenye kiti, tena kwa jina la huduma yenyewe, maana “meno” ni neno pana. Kukwangua mizizi ndiko kusubiri hela ya mnada ikibidi. Baada ya hapo urudi kupimwa tena ndani ya miezi mitatu. Mifuko ikibaki na milimita 6 au zaidi ndipo tuzungumze upasuaji wa fizi, na huo ni wa daktari bingwa, pengine safari ya Dar es Salaam. Matangazo ya kutibu fizi kwa leza yanayokuja kwenye simu yapite. Haijaonyesha faida kubwa kuizidi kazi ya mkono iliyofanywa vizuri.

Na mswaki laini, asubuhi na usiku, dakika mbili, nywele zake ukizielekeza kwenye ukingo wa fizi, pamoja na uzi au brashi ndogo katikati ya meno. Bila hivyo ni kama kupuliza salfa mara moja ukauacha mkorosho msimu mzima: ugonjwa wa ubwiri utaukuta palepale.

SWALI: Tabibu, mke wangu ana mimba ya miezi mitano, fizi zimevimba na zinatoka damu. Mama mkwe amekataa asiguswe meno mpaka ajifungue. Ni kweli?
Fundi, Lindi

JIBU: Hapana. Homoni za ujauzito hufanya fizi zivimbe hata kwa utando mdogo tu wa uchafu kwenye meno, na kusafishwa ni salama. Miezi ya katikati, alipo sasa, ndiyo yenye nafuu kulala kwenye kiti cha meno. Hata ganzi ya kawaida ya meno inafaa kwake. Aseme mapema kwamba ni mjamzito, asipewe antibiotiki za jamii ya tetrasaiklini. Na mama mkwe msibishane naye nyumbani. Mwende naye kliniki, aulize mwenyewe.