Chumba kitupu nacho kinakula: maswali yenu kuhusu nyumba na viwanja

Nina chumba na sebule tano Tabata, zote zinajitegemea. Mbili ziko wazi mwezi wa nne sasa. Jirani kajenga mpya zenye jipsamu na marumaru, anapangisha 250,000 kama mimi. Nishushe kodi au nikope nikarabati?
*Mama mwenye nyumba, Tabata*

Shikamoo mama. Kabla hujamwita fundi, tupige hesabu. Nyumba ya 250,000 ikikaa wazi miezi minne, umeshapoteza 1,000,000. Ungeipangisha kwa 220,000 mwaka mzima ungepungukiwa 360,000 tu. Kwa hiyo kushusha kidogo hakukutii hasara kama unavyodhani.

Ila usianzie hapo. Majuzi nilimsindikiza mdogo wangu kutafuta chumba Kinyerezi. Nyumba ya kwanza ilikuwa inang'aa, taa za rangi hadi darini. Yeye akaingia moja kwa moja bafuni, akafungua bomba. Likakohoa hewa, likanyamaza. Akauliza habari ya mita ya umeme wa LUKU, akaambiwa wapangaji wanne, mita moja. Tukaaga. Alichochukua ni chumba cha dari ya kawaida kabisa, ila kina mita yake na simtanki imekaa juu ya mnara, maji hayakatiki. Ushindani wa kweli kwa sasa uko hapo, mama. Jipsamu mtu anaizoea baada ya wiki, lakini ugomvi wa kuchangia umeme unarudi kila mwezi.

Jambo la pili ni kudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kwa kodi yako, mpangaji anatoa 1,500,000, anaongeza mwezi mmoja wa dalali, jumla 1,750,000 kabla hajanunua hata pazia. Kijana aliyeanza kazi juzi hana fedha hiyo kwa mkupuo. Pokea miezi mitatu, itashuka hadi 1,000,000. Hapo hujatumia hata mfuko mmoja wa saruji.

Kila mwezi nikinunua umeme nakatwa 1,500 ya kodi ya jengo. Nyumba si yangu. Ni halali?
*Mpangaji, Mbagala*

Makato ni halali, mzigo si wako. Kodi ya majengo inakusanywa kupitia LUKU tangu 2021, lakini mdaiwa ni mwenye nyumba. Tunza meseji za manunuzi, mwonyeshe, mkubaliane apunguze kwenye kodi ya pango. Kwa mwaka ni 18,000. Nawaomba wenye nyumba msisubiri kudaiwa. Mpangaji anayerudishiwa chake bila kuomba hahami ovyo.

Nimefanya udalali Sinza miaka 12. Vijana wanarusha video mtandaoni na kuondoka na wateja wangu. Nitapona vipi?
*Dalali, Sinza*

Kaka, wewe unajua ambacho kijana wa video hakijui: nyumba ipi inaingia maji masika, mwenye nyumba yupi anapandisha kodi kila mkataba ukiisha, mtaa upi gari halifiki mlangoni. Shika simu, rekodi, useme hayo hayo kwa sauti yako, ubaya na uzuri. Mteja aliyezungushwa siku nzima juani atakutafuta.

Na acha kuchukua hela ya usumbufu kumpeleka mtu kwenye nyumba ambayo unajua imeshachukuliwa. Hiyo inaniuma kuisema, kwa sababu najua wengi wenu mnaishi kwa hiyo. Lakini ni kumwibia mtu anayetafuta pa kulala, na ndiyo inayowakimbiza wateja kwenda kwa hao vijana.

Niko Muscat kikazi, pasipoti yangu ya Tanzania. Kampuni inaniuzia kiwanja Kigamboni kwa awamu za miezi 24, bei nafuu kuliko wenzao. Nilipe?
*Msomaji, Oman*

Bado. Tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe mwaka 2016, Kigamboni wauzaji wamejaa, na wanashindana kwa awamu ndefu na bei ndogo. Bei ndogo mara nyingi maana yake shamba halijapimwa, na gharama ya upimaji na hati itakufuata baadaye.

Omba namba ya kiwanja na kitalu, kisha umtume ndugu unayemwamini, pamoja na mwanasheria, wakafanye upekuzi ofisi ya ardhi. Waulize hati iko kwa jina la nani leo, na kama imewekwa rehani benki. Kama ardhi ni ya familia, idhini ya mwenzi wa muuzaji iwepo kwa maandishi. Mkataba useme ukichelewa awamu moja kinatokea nini. Kuna mikataba inayomruhusu muuzaji kumuuzia mtu mwingine na kubaki na fedha zako. Mwisho, ndugu yako afike siku ya mvua, asimame kwenye bikoni (alama za mipaka) zote nne, akupigie simu ya video akiwa palepale.