Kabla ya kuchagua teknolojia ya seva, uliza nani ataamka alfajiri

Mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, una saa zake. Wakati wa giza mitumbwi hurudi alfajiri na dagaa, na kati ya saa kumi na moja na saa mbili makarani wote wanaandika kwa mpigo kwenye mfumo niliowajengea: mtumbwi gani, ndoo ngapi, bei gani, nani kakopa. Mbalamwezi ikiingia, wavuvi wanapumzika na mfumo wangu unalala siku kadhaa bila kuguswa na mtu. Nilipoujenga mara ya kwanza sikuyajua haya. Nilijifungia chumbani Mwanga nikiangalia video za YouTube.

Video zilisema tumia Node.js, programu ya kuendesha lugha ya JavaScript kwenye seva, na sababu yao ni ya kweli. Ryan Dahl aliitoa mwaka 2009 ili seva, ile kompyuta inayokaa na mfumo na kuzijibu simu za watu, iweze kushika miunganisho mingi kwa wakati mmoja: ikishaiuliza hifadhidata swali haikai kusubiri jibu, inamhudumia mwingine. Safi kabisa. Mimi nilikuwa na makarani tisa.

Giza la kwanza, siku ya nne, mama mwenye biashara akanipigia: "Mwanangu, kitu chako kimegoma, watu wamesimama na ndoo wananitazama." Kosa lenyewe ni la aibu. Karani mmoja aliacha bei wazi, hifadhidata ikakataa, na mimi sikuwa nimeandika popote la kufanya ikikataa. Tangu toleo la 15 la mwaka 2020, Node ikikutana na kosa la namna hiyo lisilo na mwenyewe huzima programu nzima. Karani mmoja akawaangusha wanane. Kwenye PHP, lugha nyingine ya kuandikia mifumo ya seva, angeanguka peke yake, maana kwa kawaida kila ombi huanza upya, hufanya kazi yake, kisha hufa. Najua zipo programu za kuiwasha Node yenyewe ikizimika, sikuwa nimeweka. Vitu vya kukumbuka vilikuwa vingi kuliko kichwa changu.

Halafu gharama. Nilikodi VPS, yaani kipande cha seva unachokisimamia mwenyewe, ya bei ya chini, kumbukumbu ya kazi (RAM) nusu giga, nikawa najengea humohumo kurasa za React, maktaba ya JavaScript ya kutengenezea kurasa. Kumbukumbu ilipoisha, Linux iliua kazi na kuniachia neno moja tu la Kiingereza kwenye kioo. Malipo yenyewe ni dola kwa kadi kila mwezi, wakati nafasi kwenye seva ya pamoja yenye PHP na hifadhidata ya MySQL nailipia mwaka mzima kwa pesa ya simu.

Lililoniumiza zaidi ni umbali. Seva ilikuwa Ujerumani, na ukurasa mmoja uliipigia hodi mara kumi na moja, hodi nyingine ikisubiri jibu la mwenzake. Ofisini hutaliona hilo. Simama mwaloni na simu ya bei rahisi, mtandao unapanda na kushuka, mkono mmoja umelowa, utaliona. Nikarudia kazi yote kwa Laravel, kiunzi cha kujengea mifumo kwa PHP: seva inapika ukurasa mzima na kuutuma kwa mkupuo, na nyongeza yake, Livewire, inabadilisha vipande vidogo kama bei ya sasa. Ila Livewire nayo hurudi kwa seva kila unapobofya, kwa hiyo kuhesabu ndoo nimekuacha ndani ya simu, kwa mistari michache ya JavaScript.

Sikwambii kila mtu achukue PHP. Kama mkono wako umezoea lugha ya Python, kiunzi chake cha Django kinakuja na kurasa za usimamizi tayari, na mimi zile zilinila wiki mbili; hakikisha tu kwanza kwamba seva unayoimudu inakikubali. Java na ASP.NET, teknolojia nyingine za seva, nazo ni imara; ukiajiriwa mahali penye timu inayozijua, zitumie usibishane. Na siku ukijenga mnada ambao watu mia tano wanaona bei ikipanda papo hapo, rudi kwa Node bila kuona haya. Ndiyo kazi yake.

Kitu ninachokiangalia kwanza sasa ni mtu wa pili, wa kuutengeneza mfumo mimi nisipokuwepo. Kabla ya kurudia mfumo nilizunguka kwa vijana wa kompyuta hapa mjini, nikapata wanne wanaoweza kufungua faili la PHP na kulielewa. Wa Node nilimpata mmoja, naye alikuwa anafunga mizigo kuhamia Dar.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye treni kwenda Tabora, mtandao umekata tangu Uvinza, na mfumo ukagoma palepale. Nilipofika Kaliua simu ikashika, zikaingia simu sita za mama nilizozikosa, na chini yake ujumbe wa kijana mmoja wa Ujiji: "Kaka, faili za logi, zile mfumo unazoandikia matukio yake, zilijaza nafasi, nimezifuta. Makarani wanaendelea, ila mama kasema ukirudi upite kwake."