Jiwe halina kapu

SWALI: Ule ujani laini unaotanda juu ya mawe na magogo yenye unyevu niuite kuvu, ukungu au mwani? Natafsiri makala yenye methali "jiwe linalobingirika halikusanyi kuvu", na neno "kuvu" linanitia shaka.

JIBU: Shaka yako umeielekeza kwa mdogo wa wakosaji. Mkosaji mkubwa umempita bila hata kumsalimia, naye ni "halikusanyi".

Kukusanya ni kazi ya mwenye nia. Mtoza kodi hukusanya, mwokota kuni hukusanya. Jiwe hukusanya kwa kapu gani? Na tukubali kwamba kuvu zimetapakaa njiani zikingoja kuzolewa: je, si jiwe linalobingirika ndilo lingezoa nyingi, na lile lililolala likaambulia patupu? Kitenzi hicho kimoja kinaipindua methali nzima, na bado watu wanakiandika, wanakisoma redioni, wanakichora kwenye fulana! Hata mwanazuoni Erasmus wa Rotterdam, alipoinukuu kwa Kilatini karne ya 16, alisema jiwe hilo halifunikwi. Kukusanya kumetufikia kupitia Kiingereza, nasi tumekubeba kuzimakuzima.

Kiswahili hakina dhiki ya vitenzi hapa. Kidevu huota ndevu, uso huota chunusi, mkate huota kuvu au hufanya ukungu, chuma hushika kutu. Tazama nani anatajwa kwanza: ni mwenyeji, siyo mgeni. Ndiyo maana "kuvu inakua juu ya ukuta" nayo hunikera. Kukua ni kuongezeka kimo au umri. Ukuta umeota kuvu, basi.

Sasa swali lako. Kuvu na ukungu ni jamii ya fangasi (neno la Kilatini lililotufikia kupitia Kiingereza), na fangasi hawajitengenezei chakula kwa mwanga wa jua. Ule ujani wako hujitengenezea, kwa hiyo ni mmea. Si mwani pia, ijapokuwa mwani nao ni wa kijani mara nyingi. Hauna mizizi ya kweli: hushika jiwe kwa vijinyuzi, na maji huyanywa zaidi kwa vijani vyake. Vijinyuzi hivyo vinahitaji muda na utulivu, na hapo methali inasema kweli ya kibiolojia.

Wapo wanaouita kuvumwani. Hapo nakataa. Kuvumwani ni yale magamba ya kijivu au manjano juu ya gome na mwamba, na jina linayafaa kwelikweli, kwa kuwa ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja, jambo alilolitangaza Mswisi Simon Schwendener miaka ya 1860 wataalamu wenzake wakamcheka. Kuupa jina hilo mmea ambao si kuvu wala si mwani ni kukosea mara mbili kwa neno moja.

Wengine husema "mosi", kutoka "moss" ya Kiingereza. Masikio yangu husikia tarehe mosi kila mara, lakini nimechoka kupigana. Kwenye makala ya mimea liandike, ulieleze mara ya kwanza, uendelee. Ukitaka kusema umbo tu bila kutaja mmea, "utando" linatosha: limetoka kwenye kutanda, na kutanda ndiko unakofanya.

Kwenye methali acha "kuvu", kwani methali si somo la biolojia. Andika: "Jiwe linalobingirika halioti kuvu." Ila kabla ya kutuma, msome tena mwandishi wako. Wazee wa methali hii walimkanya mtu asiyetulia, kwamba hatapata kitu. Wa leo wengi humsifu, kwamba hachakai. Kama makala inasifu na sentensi zako zinakanya, hakuna kitenzi kitakachokuokoa.