Mwalimu wa Sataranji Ajibu: Katikati Pamefungwa, Nivunjie Wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nikicheza kete nyeusi napenda ufunguzi wa King's Indian. Natoa kete vizuri, mfalme namficha, lakini mpinzani akishasukuma askari wake hadi d5 (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari) na katikati pakajifunga, naishiwa. Nabaki kuhamisha ngome huku na huku hadi nabanwa upande wa malkia. Nifanyeje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Ngome haina kazi mpaka askari aifungulie njia, na askari wako wa kazi hiyo ni wa f7. Mtazame farasi wako wa f6: ndiye aliyemziba. Mpeleke d7. Hapo amempisha askari, na pia anailinda c5, mahali ambapo mpinzani naye anataka kukuvunjia. Sasa msukume askari f5. Akijilinda kwa f3, sukuma f4, askofu wake wa e3 akimbilie f2, kisha g5.

Hapo tulia. Mimi nilipoteza mechi ya mwisho ya mashindano papo hapo, na bado inaniuma. Nilisukuma g4 farasi akiwa d7. Jamaa akala kwa askari wa f3, nami sikuwa na wa kurudishia: askofu wangu wa c8 alikuwa kwenye mstari wa g4, lakini farasi wangu mwenyewe kasimama mbele yake. Askari akaenda bure.

Kwa hiyo hesabu kwanza. Farasi wa d7 arudi f6: askofu anafunguka, na farasi naye anaigusa g4. Ongeza askari h5, hao watatu wanaoigusa g4. Farasi wako wa pili, wa e7, aende g6, ngome f7, askofu wa g7 arudi f8 alinde d6, ngome ihamie g7. Ndipo g4. Tishio ni g3, kwa sababu askari huyo anamgonga askofu wa f2. Wakila hapo g3, umetoa askari mmoja, ila h4 inamfukuza tena askofu wao, na f4 imebaki tupu ikimsubiri farasi wako kupitia h5.

Tafuta mchezo wa magwiji Najdorf na Gligorić, Mar del Plata, Argentina, 1953. Gligorić alishika nyeusi akashinda, na mpangilio huu ukaitwa kwa jina la mji huo. Mwaka huohuo, kule Zurich, Uswisi, Najdorf naye akaushika upande huohuo mweusi akamfunga gwiji mwingine, Taimanov. Panga kete ubaoni, usiangalie kwenye simu tu.

Mpinzani atakuja na c5, hilo halikwepeki. Jibu pale tu d6 inapokuwa hatarini kweli, kwa kuwa kila hatua unayotumia kule inachelewesha g4. Na askofu wa c8 usimbadilishe na farasi wala askofu wa mtu, hata akionekana amekaa bure nyumbani. Ndiye atakayejitoa mhanga h3.