"Jelatini ya mimea": ipo kweli?

SWALI: Ninaandika maelekezo ya kutengeneza emulsheni ya picha (mchanganyiko wenye chumvi ya fedha unaopakwa kwenye kioo au karatasi ili ushike picha) bila kutumia kitu chochote cha mnyama. Nimeandika "jelatini ya mimea" nikimaanisha agari itokanayo na mwani. Mwenzangu anasema nimekosea, niandike "mbadala wa jelatini". Tena anataka niseme "rojo" badala ya "emulsheni". Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako kapatia nusu. "Jelatini ya mimea" ifute. Jelatini hutokana na kolajeni, protini iliyomo katika ngozi, mifupa na kano za wanyama, na mimea haina kolajeni. Kwa hoja hiyohiyo, "jelatini ya mnyama" ni kurudia jambo lililokwisha kusemwa. "Jelatini ya ng'ombe" au "ya samaki" ni sawa, maana hapo unatofautisha.

Utaniuliza: mbona twasema "maziwa ya soya" na soya haikamwi? Kweli, lakini jina hilo halimharibii mtu kazi. Katika maelekezo ya maabara, jina la kitu ni sehemu ya maelekezo. Anayesoma "jelatini" atailoweka kwenye maji baridi mpaka ivimbe, kisha ataipasha moto hadi nyuzijoto 40 hivi, akitarajia iyeyuke. Agari haiyeyuki hapo. Inataka maji yanayokaribia kuchemka, nyuzijoto 85 au zaidi, nayo huganda ikishapoa hadi kati ya 30 na 40. Ikishaganda, hairudi kuwa majimaji mpaka uipandishe tena kwenye joto lile la juu. Basi msomaji wako atabaki gizani chini ya taa nyekundu akikoroga mabonge, na aliyemponza ni wewe na neno lako.

Kuhusu "rojo", sikubaliani naye. Rojo ni uzito wa kitu kilicho majimaji bado. Emulsheni ya picha humiminwa ikiwa majimaji, lakini hubaki na jina lilelile ikishakaukia kwenye kioo au karatasi. Rojo kavu sijapata kuiona. Ukitaka kutaja ile tabaka iliyokauka, sema "utando wa emulsheni".

Nakiri kwamba "emulsheni" nalo si neno safi. Wanakemia hulitumia kwa matone ya kimiminika kimoja yaliyotawanyika ndani ya kingine, ilhali katika picha kilichotawanyika ni chembe yabisi za chumvi ya fedha, kama bromidi ya fedha. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kukama, kwa sababu mchanganyiko wa namna hiyo hufanana na maziwa. (Sisi tunayo emulsheni halisi yenye jina lake la zamani: tui.) Hata hivyo, wapiga picha wamelizoea, na kosa lililozoeleka kote duniani si kazi yako kulisahihisha. Liache.

Linabaki "mbadala wa jelatini". Kisarufi halina kasoro, na kwenye kichwa cha habari linafaa. Ndani ya maelekezo ni neno vivu. Jelatini inafanya kazi kadhaa kwa pamoja: huzuia chembe za fedha zisishikamane, huganda kwa baridi, na huvimba ndani ya dawa ya kusafishia picha ili dawa ipenye bila chembe kutoka. Hakuna kinachozichukua zote vilevile. Polivinili alkoholi, plastiki inayoyeyuka katika maji, kwa mfano, haigandi kwa kupoa tu. Wengine huitilia boraksi ndipo igande. Kwa hiyo hata kitenzi chako kibadilike: agari unaipoza igande, polivinili alkoholi unaigandisha kwa boraksi au unaiacha ikauke. Taja kitu chenyewe kila mara.

Ukihitaji jina moja la kuvijumuisha vyote, mimi ningechagua "kishikizi", kutokana na kushikiza. "Gundi" isingefaa, kwa kuwa gundi huunganisha vitu viwili, na hapa kinachotakiwa ni kubeba chembe na kuzishika mahali pake.

Tena neno "mbadala" linapindua historia kidogo. Kabla ya jelatini, wapiga picha walitumia kolodioni, njia iliyotangazwa na Frederick Scott Archer mwaka 1851, na kolodioni hutengenezwa kwa pamba. Mwaka 1871, daktari Mwingereza Richard Leach Maddox, aliyekuwa akidhurika kwa mvuke wa etha uliomo katika kolodioni, ndiye aliyependekeza jelatini. Wakati huo, mbadala ilikuwa jelatini.

Kichwa chako basi kisomeke: "Emulsheni ya bromidi ya fedha kwa kishikizi cha agari". Na mara ya kwanza andika "madini ya fedha". Bila hivyo, msomaji akifika kwenye "pima gramu 5 za fedha" atadhani unamdai.