Msisubiri mfadhili, anzeni na debe la mavuno

Mkuu umeuliza kama hapo mtaani kwenu Dodoma mnaweza kuanzisha mfuko wa kuwasaidia akina mama wenye hali ngumu na mabinti zao bila mfadhili. Inawezekana kabisa, sisi huku Chamwino tunafanya, ila mwaka wa kwanza tuliharibu, ngoja nikwambie tulipokosea.

Sisi ni kikundi cha hisa cha kawaida tu, tunaweka akiba kwa hisa na kukopeshana, sanduku moja, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Pembeni kuna mfuko wa jamii, ule wa kusaidia wenye shida, kila kikao mtu anatoa mia tano, sasa tulivyoona hela imekaa kaa tu tukaichanganya na ya mikopo. Kuna binti aliishia la saba, ana mtoto, tukampa mtaji wa kuuza karanga kwa riba ile ile ya wanachama. Mwezi wa pili mvua ikakata, na sie huku mvua ni msimu mmoja, ikikata imekata, watu hawana hela ya karanga wala ya nini, akashindwa rejesho la kwanza, la pili, mwisho akituona sokoni anageuza njia. Iliniuma sana. Tulitaka kumsaidia tukamtwisha deni, na ndo hapo kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa, wanawapata wadada, anakopa kule alipe huku.

Tukatenganisha. Hela ya kutoa hairudi, haina riba, ina daftari lake. Deni la yule binti likalipwa na mfuko wa jamii ili hisa za watu zisipotee, akarudi kikundini.

Kilichotubeba zaidi ni kujua msimu. Zamani tulikuwa tunachangisha Januari shule zinapofunguliwa, na huo ndo mwezi ghala za watu zimeisha, sasa nani atoe? Saivi tunachanga mwezi wa sita na wa saba watu wakivuna, tena sio hela, kila kaya debe moja la mahindi au alizeti, asiye na shamba anakuja kupukuchua. Wababa wanaokwepa mchango wa noti debe wanaleta wenyewe. Kuna bibi anaishi peke yake alileta sado ya karanga, tukamwandika kama wengine. Mahindi yanakaa kwenye ile mifuko isiyopitisha hewa, bila hivyo yule mdudu dumuzi anayamaliza, Desemba tunauza bei ikiwa imepanda, Januari hela inatoka: sare, madaftari, taulo za kike, na mtaji mdogo wa bure kwa walioacha shule. Ada imefutwa ndio, ila sare bado ni ya mzazi.

Sajilini kikundi pia, sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 inataka hivyo, anzieni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mkisajiliwa mnaweza kuomba mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa na halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, haina riba lakini ni mkopo, kwahiyo msimsukumie mtu ambaye hata chakula cha kesho hana.

Na majina ya wanaopewa msiyasome kikaoni jamani. Sisi wamama watatu tunapeleka nyumbani jioni, tunakaa kidogo, tunaongea mambo mengine, tukiondoka bahasha tumeshamwachia.